Subira ya Mama, Ulimi wa Wifi



Kila biharusi ninayemjua ameagwa kwao kwa neno moja: subiri. Mimi nililisikia kwanza kwa somo wangu, nyumbani kwetu Jang'ombe, huku ananisinga mikono. Nikalisikia tena kwa shangazi, kwa majirani, na mwisho kwa mama yangu mzazi, aliyeninong'oneza sikioni wakati gari limeshawashwa na watu wanasoma dua. Hakuna aliyeniambia nisubiri nini, wala mpaka lini. Nikalitia neno hilo sandukuni pamoja na kanga na udi, nikaja nalo Mwanza mwaka 2017.

Leo nataka kulifungua sanduku hilo mbele yenu. Mwaka 2025 aliolewa wifi yangu, ikafika zamu yangu ya kutoa nasaha, na nikajikuta sina la kumwambia.

Kwa wasiopajua, Buzuruga ni kata ya Ilemela, jijini Mwanza, kando ya barabara ya kwenda Musoma. Pana stendi, na wapiga debe huanza kuita abiria adhana ya alfajiri haijaisha. Ukifuata barabara hiyo mbele unaikuta Nyakato, kisha Igoma. Ziwa haliko mbali. Mwaka wa kwanza nililiita bahari, watoto wa jirani wakanicheka. Mimi nililiona geni kwa jambo moja: halijai wala halipwi. Sisi watu wa kisiwani tumezoea maji yanayoondoka na kurudi. Haya yapo tu, asubuhi na jioni, kama mtu aliyenyamaza.

Nyumbani tunaishi watu wa rika tatu chini ya bati moja. Baba mkwe ni Mhaya wa Bukoba, fundi wa magari aliyestaafu kwa jina tu, maana kila asubuhi utaiona miguu yake imetokeza chini ya gari la mtu. Mama mkwe ni Msukuma wa Magu. Kwetu Unguja ningesema mavyaa, hapa namwita Mama, na nikimwamkia "mwangaluka" kwa lafudhi yangu ya pwani hucheka mpaka akafuta macho. Yupo mume wangu, wapo wanangu wawili, na alikuwepo wifi, kitinda mimba, mwanafunzi wa ustawi wa jamii.

Wifi ndiye aliyeanzisha yote. Usiku mmoja baada ya Isha alikuja sebuleni na simu yake na dodoso walilopewa darasani. Akatueleza kwamba mwaka 2004 wataalamu wawili wa saikolojia wa Marekani, Christopher Peterson na Martin Seligman, walitoa kitabu kikubwa kuhusu tabia njema. Wenzao walikuwa wamezoea kuorodhesha maradhi ya akili. Wao wakataka kuorodhesha uzima. Walipekua mafundisho ya dini na falsafa za mataifa mengi, wakapata nguvu 24 za tabia, wakazipanga chini ya fadhila sita: hekima, ujasiri, utu, haki, kiasi, na ile hali ya moyo kuunganika na kilicho juu yake, ambamo wameweka shukrani, matumaini na imani.

"Kila mtu anazo zote," wifi akasema, "ila kila mtu ana zake za mbele. Leo nataka kujua za kwenu."

Baba akakataa palepale. "Mimi sina tabia," akasema. "Mimi nina kazi." Tukacheka, naye akaendelea kusikiliza taarifa ya habari.

Mama alikubali. Wifi alimsomea maswali kwa Kiswahili, moja baada ya moja, na Mama akajibu huku anachambua mchele. Lilipokwisha, wema na shukrani vilikuwa juu kabisa. Mama akauliza, "Na subira imekuwa ya ngapi?"

Wifi akatazama simu. "Haimo, Mama."

"Haimo vipi?"

"Haimo kwa jina lake. Ipo ya kuvumilia kazi mpaka iishe, na ipo ya kujizuia. Subira peke yake hawakuiweka."

Mama alikaa kimya kidogo, vidole vimesimama juu ya ungo. Kisha akasema, "Basi hao hawajawahi kuolewa." Tukacheka tena, lakini yeye hakucheka sana. Akaongeza kwa sauti ya chini: "Maswali yote hayo yananiuliza mimi nikoje. Hakuna hata moja lililoniuliza nimebeba nini."

Maneno yale yalilala na mimi usiku ule.

Siku ya pili nilimuuliza wifi zaidi, maana na mimi nina udadisi wangu. Akanieleza kwamba wanaume na wanawake, wakipimwa hivyo, hawatofautiani sana kama tunavyodhani. Kwa wastani wanawake hujipa alama za juu kidogo katika upendo, wema, shukrani na kuona uzuri wa vitu, lakini tofauti zenyewe ni ndogo. Na nguvu zinazokwenda sana pamoja na mtu kuridhika na maisha yake, katika utafiti wa wataalamu haohao na mwenzao Nansook Park, ni matumaini, uchangamfu, shukrani, upendo na udadisi. Nikafikiri, basi tunaumbwa na takriban vitu vilevile. Kinachotutenga ni kile tulichoruhusiwa kukionyesha. Mwanamke wa rika la Mama aliruhusiwa kuvumilia. Mwanamume wa rika la Baba aliruhusiwa kufanya kazi. Na huyu mtoto wa simu ameruhusiwa kuuliza.

Haikupita wiki mbili nikayaona hayo kwa macho.

Mama ana presha, na daktari alimwandikia kidonge kimoja kila siku. Wifi alikuwa anasafisha kabati akakuta paketi ambayo ilitakiwa iwe imekwisha zamani, na vidonge vimo nusu. Akahesabu, akahesabu tena. Mama alikuwa anameza siku moja, anaruka siku moja, ili paketi ya mwezi imfikishe miezi miwili. Pesa iliyobaki alikuwa anaiweka kwenye kopo la majani ya chai, anunue godoro na vyombo vya biharusi.

Wifi alitoka na paketi mkononi mpaka uani, mbele yetu sote. "Mama, hii siyo subira! Hii ni kujiua kidogo kidogo, halafu unasema ni kwa ajili yangu!"

Mama hakujibu haraka. Alifunga kanga yake vizuri, akasema, "Mayu, nyinyi mmesoma mkapata maneno. Adabu mmeiacha wapi?" Akaingia ndani, na tukasikia analia.

Wapenzi wangu, nilikuwa katikati, na sikuweza kumpa mmoja haki yote. Mama alikosewa heshima mbele ya mkwewe na wajukuu. Lakini kama wifi angesubiri wakati mzuri na maneno mazuri, kama nilivyofundishwa mimi, huenda tungempeleka Mama Igoma kabla ya harusi. Mimi nilikaa na paketi zile kwenye kabati lilelile miezi mingapi? Niliziona. Nilidhani kuuliza ni kujiingiza. Niliiita heshima, kumbe sehemu yake ilikuwa woga.

Na Baba? Baba aliinuka, akachukua kofia yake, akatoka. Wifi akanitazama kama kusema, umeona wanaume. Lakini baada ya Maghribi alirudi na mfuko mdogo. Hakumwambia mtu neno. Aliweka dawa za miezi miwili juu ya meza, akamimina maji kwenye glasi, akampelekea mkewe chumbani. Tukamsikia anasema, "Kila siku, baada ya chai." Kuanzia siku ile yeye ndiye anayemimina maji hayo. Hajakosa asubuhi hata moja. Nikakumbuka Bi Aisha (r.a.) alipoulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa Sala ukifika akitoka kwenda kusali. Baba hakuwahi kuambiwa kwamba kumimina maji nako ni tabia. Yeye alijua ni kazi, na hilo lilimtosha.

Wifi alimwomba Mama radhi usiku ule, amepiga magoti, na Mama akamsamehe. Ningependa kusema hadithi ikaishia hapo.

Bwana harusi alikuwa mtu wa Geita, na walima ungekuwa kwao. Kutoka Mwanza kwenda Geita njia fupi hupita Kigongo, na miaka yote watu walivuka na kivuko hadi Busisi. Baba hakuwa akivuka. Akitaka kwenda kwao Bukoba alizunguka na basi Shinyanga na Kahama, safari ya kuchosha mwili. Nilimkuta na tabia hiyo. Mume wangu alinidokeza sababu mara moja tu, akaniomba nisiiseme ndani ya nyumba.

Jumanne tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba, iliyotoka Bukoba, ilizama ikiwa imekaribia kabisa Mwanza. Ilijengwa kwa abiria 430 na ilibeba wengi kupita hapo. Walikufa mamia. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo. Mdogo wake Baba alikuwemo. Wengi waliopatikana walizikwa pamoja Igoma, na makaburi yale yapo hadi leo, nauli ya daladala moja kutoka mlangoni kwetu. Kwa miaka 29 Baba hakuwahi kushuka pale.

Sisi wa visiwani hatuhitaji kufafanuliwa jambo hili. Tarehe 10 Septemba 2011 tuliamka na habari ya Spice Islander, iliyozama mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Nilikuwa msichana. Mama yangu alikwenda kwa waliofiwa, akalia nao, akapika, akarudi hana sauti. Baba yangu alikwenda Maisara kuangalia miili, akarudi, akaoga, akakaa barazani, na hajatueleza aliyoyaona hadi leo. Maji mawili tofauti, moja la chumvi na moja tamu, na wanaume walewale.

Basi jioni moja tunapanga safari ya walima, wifi akamgeukia Baba, akauliza kama anayeuliza saa: "Baba, kwa nini hupandi kivuko?"

Kijiko kikaanguka. Mume wangu akatazama chini. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kuuliza swali hilo kwa sauti.

Baba alizima redio. Akasema, "Mimi ndiye niliyemtumia nauli." Akaeleza polepole. Kazi ilikuwa imekua gereji, akahitaji msaidizi, akamwandikia mdogo wake aje. Mdogo wake alitaka kusubiri wiki ijayo. Yeye akamhimiza: njoo na meli hii, kazi zimejaa. "Nauli yangu ndiyo iliyompandisha," akasema. "Sasa mimi nipande vipi?"

Hakuna aliyeongea. Mama ndiye aliyesogea, akakaa karibu naye kwenye mkeka, kitu ambacho sijawahi kumwona akikifanya mbele ya watoto. Akasema, "Nilikuwa najua. Barua yake niliiona mwaka uleule. Nilikuwa nasubiri uniambie."

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu la biharusi. Subiri nini? Subiri mpaka lini? Mama alisubiri miaka 29, mumewe aseme jambo ambalo tayari alilijua. Baba alinyamaza miaka 29, ili mkewe asibebe mzigo ambao tayari alikuwa ameubeba. Kila mmoja alimhurumia mwenzake kwa nguvu zote alizokuwa nazo, na kila mmoja aliumia peke yake, vyumba viwili, jiwe moja. Wala sithubutu kusema subira ile ilikuwa bure. Ndiyo iliyoiweka nyumba, ndiyo iliyomlea mume wangu. Lakini najua pia iliandikwa kwenye karatasi za presha.

Ijumaa iliyofuata, baada ya Sala, tulikwenda Igoma sote. Baba alisimama muda mrefu. Alipoinua mikono kuomba dua, sauti ilimkatika, akalia kama watoto wanavyolia, na mwanangu mdogo akaniuliza kama babu anaumwa. Nikamwambia hapana, babu anamkumbuka mdogo wake. Nabii Yaakub (a.s.) alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na hakuna anayesema hakuwa na subira. Akimshitakia Mola wake huzuni yake. Mtume wetu (s.a.w.) alilia alipofiwa na mwanawe Ibrahim, na aliposhangawa akasema macho hutoka machozi na moyo huhuzunika, ila ulimi hausemi isipokuwa linalomridhisha Mola. Sijui nani aliwafundisha baba zetu kwamba mwanamume halii. Dini haikuwafundisha hivyo.

Usiku wa singo ukafika. Wanawake walijaa chumba, hina imekolea, udi unafuka, na shangazi wa Magu na shangazi wa Bukoba wameshasema yao. Wote walisema subiri. Kisha Mama akanigeukia: "Mkwe wangu, wewe wa pwani ndiko mnakojua kufunda. Sema nawe."

Nilimshika wifi mikono, singo bado mbichi, nikamwambia hivi. Subiri, kweli, lakini subiri kama Bi Hajar. Aliachwa bondeni hakuna maji, akamtegemea Mola wake, na wala hakukaa. Alikimbia baina ya Safa na Marwa mara saba, na mamilioni ya watu, wanaume na wanawake, wanazifuata nyayo zake hadi leo. Ile ndiyo subira: moyo umetulia, miguu inatafuta. Ukiumwa, sema. Usipoelewa, uliza, kama wanawake wa Ansar, ambao Bi Aisha (r.a.) aliwasifu kwamba haya haikuwazuia kuuliza ili waifahamu dini yao. Na mumeo akinyamaza, usidhani hana kitu ndani. Muulize kwa upole, na mara ya kwanza asipojibu, muulize tena siku nyingine. Usingoje miaka 29.

Nikaongeza na lake, maana nasaha isiyouma haifai. Ulimi wako ni neema. Ndio uliomtibu mama yako na kumfungua baba yako. Lakini siku ile uani ulimchoma mama yako mbele ya watu, na ungeweza kumwambia yaleyale chumbani. Ukweli hauharibiki ukiusema kwa sauti ndogo.

Wifi akaitikia kwa kichwa. Mama akafuta macho kwa ncha ya kanga, akasema, "Mimi hayo sikuambiwa." Kisha, kwa utani wake: "Kesho niandikie nami nikaolewe upya."

Walima ulikuwa Septemba 2025, Mfunguo Sita. Miezi mitatu kabla yake, tarehe 19 Juni, daraja la Kigongo na Busisi lilikuwa limefunguliwa, kilomita 3 juu ya maji. Kivuko hatukukihitaji. Baba alikaa kiti cha mbele, kanzu yake mpya, tasbihi mkononi. Tulipoingia darajani alimwambia dereva apunguze mwendo, akateremsha kioo, akayatazama maji mpaka tukafika ng'ambo. Mama, aliyekaa nyuma yake, alipitisha mkono pembeni ya kiti akamshika bega. Hakusema neno, na safari hii kimya kile hakikunitisha.

Kwa hiyo biharusi wangu unayesoma, na hina yako bado haijakauka: watakuambia subiri. Lipokee neno hilo kwa heshima, limetoka kwa wanawake waliolilipia. Kisha waulize, kwa adabu na bila kuona haya, walisubiri nini, na nani aliwashika mkono. Waulize na baba zenu. Majibu yao ni sehemu ya mahari yako.

Allah awape wazazi wetu afya na umri wenye baraka, awarehemu waliotangulia kwenye maji ya ziwa na ya bahari, na azijaalie nyumba zetu mpya kuwa na utulivu, mapenzi na huruma. Aamin.